Fungu la Ndege

Kuna heshima zinazomshibisha mtu na kuna heshima zinazomlaza njaa. Ile aliyopewa Wimalaratne siku ya mkutano wa msimu pale Dimbulwewa ilikuwa ya aina ya pili, nayo ilikuja kwa sura ya kiti cheupe cha plastiki kilichotandikwa kitambaa cha maua.

Alikuwa na miezi michache tu tangu astaafu ubwana shamba. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akizunguka vijiji vya upande wetu huu wa Anuradhapura, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akiwaambia watu wapande lini, wapande mbegu gani, mbolea watie kiasi gani. Mpunga wake mwenyewe hakuwahi kupanda hata shina moja. Siku ya kumuaga, rafiki yake Sirisena, bwana shamba mwenzake aliyestaafu mwaka mmoja kabla yake, alisimama na glasi ya soda mkononi akasema mbele ya wote, "Bwana Wimalaratne amelima kwa mdomo mpaka amepata pensheni. Sasa tunangoja kuona mikono."

Watu wakaangua kicheko. Wimalaratne naye akacheka, lakini neno lilimwingia. "Mkutano ujao wa chama cha wastaafu utakuwa kwangu," akajibu. "Na wali mtakaokula ni wa mpunga wangu mwenyewe."

Ahadi ni deni. Na wastaafu, kwa kuwa hawana shughuli nyingi, hukumbuka ahadi kuliko watu wengine.

Mashamba ya kutimizia ahadi yalikuwapo. Mkewe, Kusuma, alirithi kwa mama yake majaruba mawili ya mpunga pale Dimbulwewa, mwisho kabisa wa mfereji, na baada ya kustaafu wakahamia huko. Kwetu mwanamume anayehamia kwa mkewe huambiwa aweke mwavuli karibu na mlango, maana hajui atafukuzwa lini wala kama mvua itakuwa inanyesha. Mudiyanse, binamu yake Kusuma, mtu mnene mwenye maneno mengi na majaruba mazuri chini tu ya ukuta wa bwawa, alileta mwavuli mweusi siku ileile ya kuhamia, akaupigia msumari kando ya mlango, akautundika.

"Karibu kwetu, Bwana Shamba," akasema. "Kila kitu kiko tayari."

Walicheka wote. Mwavuli ukabaki pale pale kwenye msumari.

Mwaka huo mvua za mwanzo wa mwaka zilikuja kwa uvivu, na ilipofika wakati wa msimu mdogo bwawa lilikuwa chini ya nusu. Kila mtu alijua maana yake. Bwawa likiwa hivyo, majaruba ya chini hayalimwi kabisa. Kijiji hulima yale ya juu tu, yaliyo karibu na lango la maji, na wenye majaruba ya juu huyakata vipande, wakawagawia wa chini kwa msimu mmoja. Huo ndio mgawo tunaouita bethma, na umewaokoa babu zetu na njaa mara nyingi kuliko serikali yoyote. Wimalaratne aliyafurahia mambo hayo yote. Angepata kipande karibu na bwawa, maji ya uhakika, na majirani wa kumtazama akilima.

Alikwenda mkutanoni asubuhi amevaa saruni mpya na shati jeupe. Hapo ndipo alipokosea, maana mtu wa saruni mpya na shati jeupe hakai mkekani. Ukku Banda, msimamizi wa maji, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliyevuka bwawa, alimwona mlangoni akampokea kwa mikono miwili.

"Bwana Shamba! Pisheni hapo, pisheni, mwacheni Bwana Shamba apite!"

Akapitishwa katikati ya watu waliokaa mikekani mpaka mbele kwenye meza ya maofisa, kando ya Nilmini, yule binti aliyechukua kazi yake. Akapewa fungu la majani ya tambuu kama anavyopewa mgeni. Akapewa kiti. Akakaa, kwa sababu amekuwa akikaa kwenye kiti hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na makalio nayo yana mazoea.

Kisha Ukku Banda akamwomba aseme mawili matatu.

Hapo angeweza kusema, "Jamani, mimi leo ni mkulima mwenzenu." Maneno yalikuwa machache na rahisi. Lakini mpe bwana shamba nafasi ya kusema, uone. Alisimama akahutubia. Alisema bethma ni haki, na haki haina binamu wala shemeji. Alisema hakuna mtu wa chini anayepaswa kusahauliwa. Alisema vizuri hata mwenyewe akasisimka, na watu wakapiga makofi, na Nilmini akamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana, natamani siku moja niweze kusema hivyo."

Ukku Banda akaanza kuita majina ya watu wa chini. Kila aliyeitwa aliinua mkono kutoka mkekani, akatajiwa kipande chake, akatikisa kichwa au akanung'unika. Wimalaratne alingoja akitabasamu. Akaitwa Podimenike, mjane mwenye ulimi mkali, jirani yake wa kule chini. Akaitwa aliyefuata baada ya Podimenike, na huyo alikuwa mtu wa upande wa pili wa mfereji. Majina yakaisha.

Angeinuaje mkono? Ndiyo kwanza ametoka kuwahubiria watu habari za kutosahauliwa. Alikaa pale kwenye kiti cheupe, tabasamu limemgandia usoni, mpaka mkutano ukafungwa na kila mtu akaja kumshukuru kwa ushauri wake mzuri.

Kusuma alikuwa anakuna nazi aliporudi.

"Tumepewa wapi?"

"Tumepewa biskuti," akasema Wimalaratne, akaweka mezani pakiti aliyofungashiwa pamoja na tambuu.

Kusuma alicheka. Kisha akaona uso wa mumewe, akaacha kucheka. "Hawakukuita?"

"Hawakuniita."

"Ulikaa wapi?"

Akaisogeza ile pakiti ya biskuti katikati ya meza.

"Nakuuliza, ulikaa wapi, baba wa watu?"

"Kwenye kiti."

"Basi!" Kusuma akarudi kwenye nazi yake kwa hasira. "Nani amgawie ofisa shamba? Mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, lakini wewe umekuwa mgeni wa watu hawa mpaka mvi zimekutoka, na bado unapewa kiti. Usinitume mimi kwa binamu zangu. Shamba ni la mama yangu, mdomo ni wako. Kama ulivyoutumia kuwasemea wengine, kajisemee mwenyewe."

Alimpigia simu Sirisena ili apate mtu wa kumhurumia, akakosea tena. Sirisena alicheka mpaka akakohoa.

"Kinyozi hajinyoi, bwana! Hebu nikupe habari za wenzako upate moyo. Gamage anafuga mbuzi na wanampiga pembe. Rajapaksha wa wilaya anauza miche kando ya barabara, biashara nzuri kweli, lakini kila mteja lazima amsikilize somo zima ndipo apewe mche. Mimi juzi nimeingia jaruba la mtu nisiyemjua, nikang'oa shina nikahesabu chipukizi kama zamani, mbwa akanitoa. Hatuwezi kuacha, ndugu yangu. Wali wetu je? Uko palepale?"

"Uko palepale," akasema Wimalaratne, moyo ukimwuma.

Siku ya kufyeka mfereji aliamka mapema, akavaa saruni kuukuu, akabeba jembe begani. Kabla maji hayajafunguliwa, kila mwenye fungu husafisha kipande chake cha mfereji, kwa hiyo wote walikuwa huko, matope mpaka magotini. Walipomwona wakasimama wima.

"Bwana Shamba amekuja kutukagua!" Mudiyanse akapaza sauti. "Leteni dafu!"

Dafu likaletwa. Likaletwa na gunia la kukalia, likatandikwa kivulini. Wimalaratne akashuka mferejini bila kujibu, akapiga jembe la kwanza, la pili, na kijana mmoja akaudaka mpini wake kwa adabu kubwa. "Acha, bwana, utajiumiza. Sisi tupo."

"Niachie jembe langu!"

Sauti ilitoka kwa ukali kuliko alivyotaka. Mfereji mzima ukaacha kufyeka.

"Nataka fungu langu," akasema. "Majaruba ya mama yake Kusuma yako chini, kavu, kama ya Podimenike. Mimi ni mtu wa chini. Mbona sikuitwa?"

Ukku Banda alimgeukia. Uso wake ulionyesha mshangao mtupu, wala si hila. "Lakini Bwana Shamba… ulikuwa mezani. Walio mezani hawagawiwi."

"Ningewezaje kukuita?" akaendelea, sasa naye akijitetea. "Nipaze sauti 'Wimalaratne!' kama namwita mtu tu? Na vipande vimekwisha pimwa, kamba imepita, vigingi vimepigwa. Nikikukatia wewe lazima nipunguze kwa wote."

Mudiyanse akaanza kusema kwamba yeye yuko tayari kutoa kidogo, na watu wakaanza kugeuka wakatazamana, kila mmoja akipiga hesabu yake. Ndipo Podimenike akachomeka fyekeo lake topeni.

"Mimi nitasema, kwa kuwa ninyi mna adabu sana. Bwana Shamba, wewe una pensheni. Mvua isiponyesha, pensheni inanyesha. Mimi kipande changu kinatosha kulaza mbuzi wawili, na unataka kikatwe tena?"

Hakuna aliyemkemea, kwa sababu kila mmoja alikuwa amelifikiria hilo. Wimalaratne alimtazama yule mama, akaona amesema kweli tupu. Uso ukamwaka moto. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yeye alikuwa ameamka asubuhi akanywa chai na sukari guru, akaja kudai mchele wa watu wasiojua watakula nini.

"Una haki, dada," akasema. "Msimpunguzie mtu yeyote. Nilitaka tu…" Mtu aliyekuwa akihutubia mikutano bila karatasi akakosa neno, akabaki amesimama matopeni. "Nilitaka tu kuwa mmoja wenu."

Watu wakatazama miguu yao. Mudiyanse alijikuna tumbo, akakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu Wimalaratne amfahamu, akafikiri kabla ya kusema.

"Fungu la ndege halina mtu."

Kila msimu, kando ya majaruba upande wa pori, kijiji huacha kipande kinachopandwa kwa ajili ya ndege, washibe huko wasiingie kwingine. Kukilima ni kazi ya zamu, na kila mwenye zamu huugua mgongo ghafla. Bwana Shamba Wimalaratne alikuwa amekipiga vita kipande hicho katika mikutano isiyohesabika. Alikiita upotevu. Watu walimsikiliza, wakampigia makofi, wakaenda kuwapandia ndege kama kawaida.

"Alime yeye fungu la ndege," Mudiyanse akasema. "Watakachobakiza ndege ni chake. Hakuna wa kupunguziwa."

"Na kufukuza ndege?" mtu akauliza.

"Haruhusiwi! Ni lao. Akiwafukuza watakuja kwangu."

Podimenike alicheka, meno mekundu kwa tambuu. "Basi na afyeke mfereji kama sisi. Kipande kinachofuata changu, kile chenye matete."

"Nakubali," akasema Wimalaratne, kabla mtu hajabadili nia. Akalichukua jembe lake kwa yule kijana.

Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Alipanda mistari iliyonyooka kwa kamba, kama alivyofundisha wengine, na Mudiyanse akasimama kwenye tuta akamtazama.

"Mistari ya nini, shemeji? Unadhani kasuku watakula kwa foleni?"

Neno shemeji lilimpita Wimalaratne masikioni, likamrudia baadaye akiwa anakula, akaacha kutafuna. Hakumwambia Kusuma. Aliogopa akilitaja litatoweka.

Mpunga ulipoanza kuiva, kilikuja kipindi cha kuchekesha. Kila asubuhi kijiji kizima kilipiga madebe na kupiga kelele, ndege wakiruka kutoka jaruba hadi jaruba, wote wakielekezwa kwa Wimalaratne, ambaye alikaa ukingoni mikono mapajani kama mwenye karamu. Nilmini alipita na pikipiki akasimama.

"Bwana, hapa pangefaa wavu," akasema. "Utapoteza kila kitu."

Alikuwa ameongea sawasawa kabisa, kwa maneno aliyofundishwa na Wimalaratne mwenyewe. "Hili ni lao, binti yangu," akajibu. "Mimi nimekaribishwa tu."

Lakini bahati ni bahati. Mwaka ule miti ya palu huko porini ilizaa mpaka matawi yakainama, na matunda ya palu ni matamu kuliko mpunga wa mstaafu. Ndege wengi wakaenda zao huko. Siku ya kuvuna, watu walikuja kumsaidia kama anavyosaidiwa kila mtu, na baada ya kupura na kupepeta, likabaki gunia moja lisilojaa. Wimalaratne aliingiza mkono ndani ya punje, akauacha humo muda mrefu. Alikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtoto aliyeshona kikapu kikasimama.

Chungu cha kwanza cha mchele mpya kilikwenda hekaluni. Ungo mmoja akampelekea Podimenike, aliyeutazama akachukua punje chache akazitafuna. "Umechelewa kuvuna, zinavunjika," akasema, akaupokea. Uliobaki ukangoja wageni.

Wastaafu walikuja kwa gari la kukodi, mwanzo wa msimu mkubwa, wakati mawingu yanaanza kujazana upande wa bwawa. Wimalaratne aliazima viti vyeupe vya ukumbini, akavipanga barazani. Kusuma alipika wali wa nazi, akaubana kwenye sinia, akaukata vipande vya pembe nne, na pilipili ya kusaga kando. Sirisena alichukua kipande, akakinusa, akakigeuza, akakila mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Mkavu kidogo," akasema. "Lakini ni wali." Akachukua cha pili.

"Ulivuna kiasi gani kwa eka?" Rajapaksha akauliza.

"Waulize ndege," akasema Kusuma, na hadithi yote ikatoka, wakacheka mpaka viti vikalia. Wimalaratne ndiyo kwanza alikuwa anavuta kiti akae nao, sahani mkononi, matone ya kwanza makubwa yakigonga bati, ikasikika sauti kutoka kwenye tuta la mfereji.

"Wimale! We Wimale! Umekufa?"

Alikuwa Ukku Banda, amelowa, jembe begani, amekasirika hasa.

"Matete yako yamejaa mferejini! Maji yananirudia mimi! Nilikwambia ufyeke jana, na juzi nilikwambia, wewe unakaa kula na wenzio wa pensheni! Mvivu mkubwa! Ungekuwa mwanangu ningekuchapa!"

Sirisena alisimama, uso umemwiva kwa niaba ya cheo chao wote. "Ee bwana! Unajua unasema na nani?"

"Na Wimale wa fungu la ndege," Ukku Banda akajibu bila kupunguza sauti, "mwenye kipande kinachofuata cha Podimenike. Wewe ni nani?"

Wimalaratne alikwisha weka sahani chini. Alikuwa anakunja saruni, anatafuta jembe nyuma ya mlango, na midomo inamcheza.

"Nakuja, kaka!" akaita. "Nisamehe, nimezembea, nakuja!"

"Unakubali kutukanwa hivyo na mtu wa matopeni?" Sirisena akamwuliza. "Mbele yetu?"

"Miaka yote niliyofanya kazi hapa hakuna aliyethubutu kunifokea," Wimalaratne akasema. Machozi yalimlengalenga, hakujali nani anaona. "Mgeni hafokewi, bwana."

Akatoka mbio kwenye mvua, peku, mzee mzima, matope yakiruka. Kutoka jaruba la juu Mudiyanse alisikika akimpigia mbinja.

Kusuma aliufuata mlango, akautungua ule mwavuli mweusi, akapangusa vumbi. Hakuupeleka mferejini. Alimpa Sirisena.

"Shika, shemeji, utakufikisha kwenye gari wakati wa kuondoka. Uchukue moja kwa moja, yule hauhitaji."

Jioni, wageni walipokwenda, aliosha ungo akautundika kwenye ule msumari.